Kioo Begani mwa Sabiha

Kwa wanawake wa Kigombe wanaochokoa pweza, pango ni mali kama mnazi ulivyo mali, ila mnazi haufichiki. Aliyeligundua ndiye mwenyewe. Atakula humo bamvua baada ya bamvua, kila maji yanapokupwa sana, pweza mmoja akitolewa mwingine akihamia, maadamu hakuna jicho la pili lililomwona akiingiza mchokoo wake, ile fimbo nyembamba ya kumtolea. Siku jicho la pili likiona, pango linakuwa la wawili, na likishakuwa la wawili halikawii kuwa la kijiji kizima. Hapo hapana kesi wala kadhi. Ndiyo maana mwenye pango zuri haliendei moja kwa moja. Huzunguka, huinama hapa akajifanya anaokota chaza, husimama pale akajifunga upya kibwebwe, mpaka wenzake wamsahau.

Chiku binti Uweso alikuwa na pango la namna hiyo. Alionyeshwa na mama yake mwaka alioolewa. Mama alimshika mkono akautia majini hadi vidole vikagusa mdomo wa pango, kisha akamwambia, "Hili usimwonyeshe mtu ila uliyemzaa." Mungu akampa Chiku watoto wa kiume watupu, mmoja kuli bandarini Tanga, mwingine dereva wa trekta katika mashamba ya mkonge, na mwanamume wa Kigombe huvua kwa ngalawa, kuchokoa pweza kwa miguu ni kazi ya wake. Basi pango likabaki lake peke yake. Mumewe alipofariki, nyumba, iliyokuwa ya ukoo, ikarudi kwa ndugu zake, akaachiwa chumba na ua. Minazi ikagawanywa kwa sheria. Chiku hakulalamika, kwani sheria ni sheria. Lakini usiku mmoja alijiuliza ni kitu gani chake duniani ambacho hakikupitia mkononi mwa mtu mwingine, akaliona pango tu.

Aliyekuwa akilitafuta pango hilo miaka yote ni Sabiha, dada wa marehemu. Sabiha alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye ulimi usio na ala. Walikaa ukuta kwa ukuta.

"Wifi yangu ana bahati," Sabiha alizoea kusema mbele za watu. "Siku sote tunaporudi na kome, yeye ana pweza mkubwa kama mtoto wa kubeba mgongoni. Sijui huko mwambani ameolewa na nani!"

"Olewa na wewe, nani kakukataza?" Chiku alizoea kumjibu.

Mwaka wa 1956 likaja Kigombe lori lenye turubai, likasimama penye minazi karibu na ufuko. Akashuka Bwana Hofa, Mswisi mwembamba mwenye ndevu za kijivu, na Luka, Mbondei wa upande wa Magila, kijana aliyekuwa zamani akifanya kazi katika duka la picha huko Ngamiani, mjini Tanga. Walikuwa wakitengeneza sinema ya viumbe wa baharini. Kamera yao ilikaa ndani ya kasha la shaba lenye kioo mbele na ufunguo wa kuizungushia ubavuni, na kasha lile liliweza kuingia majini bila kamera kulowa. Bwana Hofa alikuwa ameumia masikio kwa kuzamia mno, daktari akamkataza kutia kichwa majini, kwa hiyo sasa aliyezamia ni Luka.

Jambo hilo liliwafurahisha sana wanawake.

"Mbondei na bahari wapi na wapi?" Sabiha alimuuliza siku ya kwanza. "Nyinyi si watu wa machungwa?"

"Kweli, mama," Luka akajibu. "Na nimekuja nayo gunia zima kutoka Muheza. Nikizama, mtakula matanga yangu kwa machungwa yangu mwenyewe."

Wakacheka, wakala machungwa, na tangu siku hiyo Luka akawa mtu wa nyumbani.

Kazi aliyoiomba ilikuwa nyepesi kwa maneno. Alitaka pweza aliye hai atoke pangoni mwake mbele ya kamera, atembee, arudi. Wanawake wote walimtaja Chiku, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko mikono yote ya mwambani. Wakamchagulia pango la njiani ambalo kila mtu alilijua. Luka akalala kifudifudi katika kidimbwi, miwani ya kuzamia usoni na mrija mdomoni, kamera mbele yake. Bwana Hofa akasimama kando akiwa amevua kofia kama mtu aliye ibadani. Chiku akafunga kombe kwenye ncha ya mchokoo, akalitikisa taratibu mlangoni mwa pango.

Pweza akatoa mkono mmoja. Akatoa wa pili. Rangi yake ilikuwa ya jiwe, mara ikawa ya udongo mwekundu, mara ikapigwa madoa meupe. Akatoka mzima, mkubwa, akamwaga mikono yake juu ya mwamba kama maji, akaupanda mkono wa Chiku, akauzinga hadi kiwikoni. Na mkono wa pili wa Chiku, ule ambao tangu usichana haujapata kuulizwa wala kuambiwa, ukaenda wenyewe. Vidole vikaingia nyuma ya kichwa, vikakipindua ndani nje, pweza akalegea, akafa. Yote hayo yalimalizika kabla Chiku hajajua kuwa yameanza.

Kisha Sabiha akaangua kicheko hata akakaa majini.

"Wifi! Umeambiwa umwonyeshe, hukuambiwa umchinje! Umempindua kama shati la kufua!"

Chiku alisimama na pweza ananing'inia mkononi. Alimtazama Bwana Hofa, akamwona amekaa juu ya jiwe, kofia magotini. Alimtazama Luka, akamwona anavua miwani polepole. Alitamani bamvua igeuke saa ile ile imfunike.

"Si neno, mama," Luka akasema. "Mkono umezoea. Hata mimi nikipewa chungwa silitazami, namenya."

Jioni Chiku alimpika pweza yule kwa nazi nzito na ndimu, akampeleka kambini kwa mikono yake mwenyewe, maana hakujua namna nyingine ya kuomba radhi. Bwana Hofa alikula, akaongeza, kisha akasema maneno kwa lugha yake. Luka akatafsiri: "Anasema hajapata kula picha tamu kama hii."

Siku zilizofuata waliwapiga picha kaa, samaki wa rangi, konokono wa baharini, lakini pweza wengine waliopatikana walikuwa wadogo na waoga, hawakutoka. Habari ikafika uani kwa Chiku kwamba Bwana Hofa amekwenda mjini kutafuta nafasi katika meli ya kurudi kwao, na kwamba amemwachia Luka mkanda mmoja wa mwisho, autumie atakavyoona. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya bamvua. Baada ya hapo maji yasingekupwa tena kiasi cha kutosha hadi bamvua nyingine, na meli haingojei bamvua.

Alasiri ile Chiku alikwenda kambini. Alimkuta Luka amekaa mkekani, kasha la shaba limefunguliwa mbele yake. Hakumkatiza. Alikaa kwenye kigogo cha mnazi akatazama. Luka aliliosha kasha kwa maji baridi ya kisima, akalikausha. Akatoa mpira mwembamba uliozunguka mlango wake, akaupitisha baina ya vidole, inchi kwa inchi, macho yamefumba, akitafuta kwa ngozi kile ambacho jicho lingekikosa. Akasimama mahali, akatoa chembe ya mchanga kwa ncha ya kitambaa. Halafu akaupaka mpira mafuta, kama mtu anayempaka mtoto mchanga.

"Chembe moja tu, mama," akasema bila kuinua kichwa, "maji yanaingia, na kamera imekufa."

Chiku aliipenda kazi ile. Aliwaamini watu wanaoshika vitu namna hiyo.

"Mwanangu," akasema, "picha ikishapigwa, inaonyesha na njia ya kufika?"

"Njia gani?"

"Njia. Jiwe lipi, upande upi wa mkondo."

Luka akafikiri, mpira mkononi mwake. "Njia haionyeshi. Inaonyesha kilicho mbele ya kioo, basi. Lakini mtu anayelijua jiwe lile tangu zamani, akiliona katika picha atalijua."

Chiku akaitikia kwa kichwa. Angeambiwa "hapana, haionyeshi kitu," angejua anadanganywa, angeaga akaenda zake. Sasa alibaki.

"Nina pango langu," akasema. "Ndani yuko pweza amekaa eda. Sisi tunawaita hivyo. Amejiwekea mawe mlangoni, hatoki, hali. Ukimtia mchokoo anausukuma tu, haushiki. Bamvua iliyopita nilimwacha, maana nyama ya pweza wa eda ni maji matupu. Lakini yumo."

Luka akauweka mpira chini juu ya kitambaa safi.

"Mama, huyo yuko juu ya mayai. Bwana Hofa amemtafuta pwani yote hii. Hajampata."

"Tangu utoto nawatoa pangoni," Chiku akasema, kama anayejisemea. "Sijapata kujua humo ndani wanafanya nini."

Shida moja ilibaki, na haikuwa ndogo. Pango lilikuwa mbali, nyuma ya ukingo wa mwamba, mahali ambapo mtu aliye ufukoni haoni. Mjane wa watu hawezi kufuatana na mwanamume mgeni huko peke yao, hata kama mgeni mwenyewe anamwita mama. Ilimpasa awe na mwanamke mwenzake. Chiku aliwapitisha moyoni wanawake wote wa Kigombe. Huyu mdomo wake mwepesi, yule ana mabinti wengi wenye michokoo. Kila alipozunguka alirudi ukutani kwake mwenyewe.

Alimkuta Sabiha uani anamenya muhogo.

"Wifi, kesho nisindikize mwambani na yule Luka. Pangoni kwangu."

Kisu kikasimama. "Lile?"

"Lile."

"Miaka yote hii nauliza mpaka mate yamekauka, leo linafunguka kwa ajili ya Mbondei?"

"Nimemharibia kazi yake, Sabiha."

"Umemharibia, hilo kweli." Sabiha akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. Akamenya muhogo mzima. "Nitakuja," akasema. "Lakini sitaona."

"Utakujaje usione?"

"Nitajua mwenyewe. Mimi nilitaka nikushinde, wifi. Nilivizie, nilipate kwa akili yangu, nikukute umeinama nikwambie 'Shikamoo mwenye nyumba!' Kuonyeshwa kwa sababu una shida, hiyo kwangu si ushindi. Ni sadaka, na mimi sijafika kula sadaka."

Kwa hiyo asubuhi, maji yalipokupwa, walikwenda watatu. Luka mbele na kasha lake, kisha Chiku, na nyuma yake Sabiha amejifunika kanga kichwa chote, mkono begani mwa wifi yake kama kipofu anayekwenda kuomba.

"Jiwe," Chiku alimwambia. "Shimo. Inua mguu, miiba hapo."

"Nyoosha njia! Unanizungusha makusudi."

"Nimezoea kuzunguka. Sijui njia iliyonyooka."

Na kweli hakuijua. Luka alicheka hata akamwomba Mungu asianguke na kamera.

Pango lilikuwa chini ya jiwe moja la mviringo, mfano wa chungu kilichofunikwa, katika kidimbwi cha maji ya kiunoni. Luka akaingia, akatia uso majini, akakaa kitambo, akainuka.

"Yumo. Nimeona jicho. Lakini ndani giza, mama, na kamera haina macho ya paka."

Alikuwa na kioo kikubwa chenye ubao nyuma, ambacho siku nyingine Bwana Hofa alikishika kurusha jua mahali penye kivuli. Leo Bwana Hofa hayupo. Chiku ilimpasa awe majini, aondoe mawe ya mlangoni moja moja na kuyazuia majani ya baharini yasifunike kamera. Wakatazamana yeye na Luka, kisha wakamtazama Sabiha aliyesimama juu ya mwamba ameelekea pwani, mgongo kwao, jua la asubuhi likimpiga kisogoni.

"Nimesikia," Sabiha akasema. "Nipeni hicho kioo. Nitakiweka begani."

Akakipachika begani, uso wa kioo nyuma, yeye ameelekea minazi ya Kigombe. Duara la mwanga likaruka juu ya mwamba kama ndege aliyetishwa.

"Chini kidogo," Chiku akasema. "Kulia."

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kwako! Umezidisha. Rudi. Sabiha, unamulika pwani ya Pemba!"

"Wewe umempindua pweza wa watu, leo unanifundisha kushika kioo?"

"Hapo! Hapo hapo. Usipumue."

Mwanga ukaingia pangoni. Luka akazama. Chiku aliliondoa jiwe la kwanza, la pili, la tatu, kwa namna mtu aondoavyo bakuli karibu na mtoto aliyelala. Alikuwa amepewa ndoo iliyokatwa chini ikatiwa kioo, na alipoisukuma juu ya maji, mawimbi madogo yakafutika. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliliona pango la mama yake.

Pweza alikuwa amejikunja darini, mikono yake imegeuzwa nyuma, makombe yake ya kunyonyea nje, amejifanya kapu. Na ndani ya kapu lile, kutoka juu, yalining'inia mayai. Hayakuwa mamia. Yalikuwa kama shamba la mpunga lililopinduliwa, mashuke kwa mashuke, meupe, kila punje na nukta mbili nyeusi. Chiku alisogeza uso hadi pua ikagusa ndoo. Nukta zile zilikuwa macho.

"Sabiha," akasema, na sauti ilimtoka ndogo. "Yana macho."

"Nini kina macho?"

"Mayai. Yananitazama."

"Nisimulie, basi! Usinyamaze. Mimi nashika jua hapa sioni hata kivuli changu."

Akamsimulia. Alimwambia jinsi pweza alivyovuta maji akayapuliza katikati ya mashuke, yakapepea yote pamoja kama upepo umepita. Jinsi ncha ya mkono mmoja, nyembamba kama uzi, ilivyopita shuke kwa shuke ikichambua, ikitoa uchafu usioonekana, ikienda ikirudi bila haraka, kama mpetaji wa mchele anayejua kwamba mchele ni mwingi na siku ni ndefu. Jinsi kichwa chake kilivyosinyaa na ngozi kulegea, rangi imemtoka. Na kaa mdogo alipopita mlangoni, chakula chenyewe, alimsukuma nje akarudi kazini.

"Hali kitu?" Sabiha akauliza.

"Hali."

"Hata kidogo?"

"Amekonda, wifi. Amebaki jicho."

Chiku lilimjia jambo. Aliikumbuka eda yake, chumba chenye dirisha lililofungwa, na mlango ukisukumwa kila siku na mwanamke huyu huyu mwenye bakuli mkononi. "Kula, mjane wa kaka yangu, usije ukafa watu wakasema nimekuroga." Kila siku alikuja na tusi jipya na chakula cha moto.

"Huyu hana wifi wa kumletea chakula," akasema.

"Masikini," Sabiha akasema, akielekea minazi.

Mlio wa kamera ulikatika, ufunguo umekwisha kuzunguka. Luka aliuzungusha tena akaendelea. Maji yalikuwa yameanza kurudi. Chiku aliyasikia yakiingia kwa nyuma, na alipoinua kichwa alimwona Sabiha maji yamempanda magotini pale juu ya mwamba, kanga imeloa, kioo begani hakitikisiki. Hakugeuka.

Hapo ndipo mkono mmoja wa pweza ulipotoka nje. Ulikigusa kioo cha kamera, ukakipapasa pembeni, ukakiacha. Ukaja kwa Chiku. Kombe moja dogo likashika kidole chake cha mkono wa kushoto, halafu la pili, yakawa yanaonja. Na Chiku alihisi mkono wake wa kulia unaamka kiwikoni, unanyooka, unaijua njia. Akaachia ndoo. Akaukunja mkono wa kulia, akaubana kifuani, akausimamisha pale kama mtu anayemzuia mtoto mlangoni. Pweza akakionja kidole kwa kadiri alivyotaka. Akakiachia. Akarudi kwa mayai yake.

Mkanda ulikwisha. Luka akainuka, akavua miwani, macho yake mekundu.

"Mama," akasema.

"Najua," Chiku akasema. Akayarudisha mawe mlangoni kama yalivyokuwa.

Walimtoa Sabiha mwambani maji yakiwa mapajani, amejifunika kanga vile vile. "Jiwe," Chiku alimwambia njia nzima. "Shimo."

Bamvua iliyofuata lori lilikuwa limekwisha ondoka. Chiku alikwenda peke yake, akazunguka kama desturi yake. Mawe ya mlangoni yalikuwa yametawanyika. Darini mwa pango vilining'inia vijiganda vitupu, vyepesi kama maganda ya kitunguu, na nje, kwenye mchanga, kaa walikuwa wakigawana kitu cheupe kilichokuwa pweza. Alisimama hapo kitambo, kisha akaenda kuokota kome. Alimsimulia Sabiha peke yake.

Mwaka wa pili Luka alirudi. Safari hii lori lilikuwa mikononi mwake, na Bwana Hofa alikuwa amemwandikia kwamba kazi yote ya pwani aifanye yeye. Alileta mashine ya sinema na nakala ya picha, akafunga shuka katika ghala la mbata, na baada ya sala ya alasiri milango ikafungwa, nyufa zikazibwa kwa makuti. Kijiji kizima kiliingia, wanaume kushoto, wanawake kulia. Kabla hajawasha mashine, Luka alimfuata Chiku.

"Shikamoo, mama. Jiwe linaonekana. Nimelitazama mara nyingi, linaonekana vizuri sana. Ukisema, kile kipande nitakikata, tuendelee na samaki."

"Marahaba," Chiku akasema. Alikuwa amelifikiri jambo hilo tangu siku ya mpira na chembe ya mchanga. Alimwona moyoni mama yake, mkono wa mama juu ya mkono wake majini. "Ukikata, wataona nini? Samaki wanawaona kila siku. Onyesha."

Shuka likawaka. Wakapita samaki, watu wakawaita kwa majina na kutaja namna ya kuwapika. Wakapita kaa. Kisha likaja jiwe la mviringo, mfano wa chungu kilichofunikwa, kubwa kama nyumba.

Sabiha, aliyekaa mbele kabisa, na aliyekuwa amesimuliwa jiwe hilo mwaka mzima, alirusha kanga yake usoni.

"Jamani," akasema kwa sauti ya kusikika ghalani kote, "pango hilo si letu."

Mwanamke wa pili yake akajifunika. Wa tatu naye. Ikaenda safu kwa safu, kanga zikipanda bila neno, hata waliokuwa wakinyonyesha, mpaka upande wote wa kulia ukawa vichwa vilivyofunikwa, na mwanga wa bahari ukicheza juu ya vitambaa vyao. Wanaume waligeuka kuwatazama, hawakuelewa. Mmoja akauliza kama kuna jini.

Chiku alibaki peke yake na picha. Mlango wa pango ulifunguka, mikono yake mwenyewe ikiondoa mawe, na mwanga ukaingia, na mashuke yakapepea. Yalikuwa mazuri kuliko alivyokumbuka. Alitazama kulia na kushoto atafute mtu wa kumwonyesha, akaona kanga tu. Alikuwa na pango lake lote, salama, na hakuna jicho la mwenzake la kulitazama naye.

"Fungueni," akasema.

"Hatuoni kitu," Sabiha akajibu ndani ya kanga.

"Nimesema fungueni. Tazameni. Mimi ndiye mwenyewe, nimewapa."

Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza. Chiku akainuka, akapita juu ya magoti ya watu hadi mbele, akaishika kanga ya Sabiha akaishusha mwenyewe.

"Mwaka mzima nakusimulia kwa mdomo, nimechoka. Na kioo ulikishika wewe. Hiyo ni nuru yako, itazame."

Sabiha akatazama. Nyuma yake kanga zikashuka moja moja. Shukani pweza alivuta maji, akapuliza, akachambua, akamsukuma kaa mlangoni, akarudi kazini. Kisha Sabiha akavuta pua.

"Sura ile ile," akasema. "Ndivyo ulivyokuwa umenuna katika eda yako, nikileta uji."

Ghala likalipuka kwa kicheko, na Sabiha mwenyewe akicheka alikuwa akifuta macho kwa pindo la kanga. Mkono wa pweza ukatoka, ukaja kukigusa kioo, ukawa mkubwa kuliko mtu. Picha ikakatika, shuka likawa jeupe.

"Ikawaje?" sauti zikauliza gizani. "Luka, ikawaje?"

"Mkanda uliishia hapo," Luka akasema. "Muulizeni Bi Chiku."

Naye akawasimulia yaliyobaki, vijiganda vitupu na kitu cheupe mchangani, amesimama mbele ya shuka, kivuli chake juu yake.

Bamvua iliyofuata wanawake walitawanyika mwambani kama kawaida, na hakuna hata mmoja aliyeelekea ukingoni. Chiku alingoja. Alipoona kwamba hawatakwenda, akamwita Sabiha aje na mchokoo wake, wakaongozana. Hakuinama kuokota chaza, wala hakusimama kujifunga upya kibwebwe. Alikata moja kwa moja, Sabiha nyuma yake.

"Jiwe," Chiku akasema kwa mazoea. "Shimo."

"Ebo!" Sabiha akasema, akampita. "Mimi nina macho."